Kupima ukuta wa mawe kwenye tenki la mawimbi: kwanza yajue maji yako

Kama umepewa wiki tatu kwenye maabara yenye tenki la mawimbi na unatakiwa utoke na jibu kuhusu ukuta wa mawe wa kulinda ufukwe, huu mwongozo nimekuandikia wewe. Nimeshinda kwenye hayo matenki miaka kadhaa, mikono imechubuka na mawe, na kuna kitu kimoja nataka kikukae kichwani kabla ya vingine vyote: kinachoharibu kazi nyingi ni urefu wa wimbi, yaani kimo chake kutoka bonde hadi mgongo, uliopimwa vibaya. Uzito wa jiwe unaohitajika unapanda na urefu wa wimbi mara tatu, yaani H mara H mara H, ndo fomula ya Hudson ya 1959 inavyosema na mpaka leo watu wanaanzia hapo. Piga hesabu mwenyewe, ukikosea wimbi kwa asilimia 5 jiwe umelikosea kwa karibu asilimia 16, ukikosea kwa 10 jiwe limekwenda asilimia 33. Kwa hiyo usishangae humu nikikaa sana kwenye maji na vipimo, na kwenye ukuta wenyewe nikapita haraka.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho ili namba zishikane. Ukuta wa mteremko wa mawe, 1:2, kina cha maji kwenye mguu wa ukuta mita 3 wakati wa bamvua, mawimbi ya dhoruba yenye Hs (urefu wa wimbi unaoiwakilisha dhoruba) ya mita 1.5 na Tp (muda kutoka mgongo hadi mgongo kwa mawimbi yenye nguvu zaidi) ya sekunde 8, mawe ya tabaka la juu yenye tani 1 kila moja. Ni mfano wa kufundishia tu, usiuchukue ukaenda kujenga nao. Tenki letu lina urefu wa mita 25, upana sentimita 60, kimo sentimita 80, size ambayo vyuo vingi vinayo.

Hatua ya 1: hakikisha swali lako linajibika humo ndani

Tenki refu jembamba, lile lenye vioo pembeni na bamba la kusukuma maji upande mmoja, linajua mwelekeo mmoja tu. Wimbi linakuja moja kwa moja usoni mwa ukuta, basi. Ukiliuliza mawe haya yatakaa au yatang'oka, maji kiasi gani yataruka juu, wimbi litapanda mpaka wapi, linajibu vizuri sana. Ukiliuliza mchanga unavyotembea kando ya ufukwe, halina jibu. Nalisema mapema kwa sababu kwenye pwani yetu mara nyingi tatizo ndo hilo hilo, chukua Kunduchi kaskazini mwa Dar, ufukwe umeliwa miaka na miaka na sehemu kubwa ya habari ni mchanga unaobebwa na mawimbi yanayokuja mshazari, kusi inasukuma huku, kaskazi inasukuma kule, na kinachobaki ni hesabu ya mwaka mzima. Hapo unahitaji beseni pana lenye mabamba mengi yanayoweza kutoa wimbi la pembeni, kama lile la Oregon State University huko Marekani ambalo lina karibu mita 49 kwa 26.5, au utumie modeli ya kompyuta. Kuchukua swali la Kunduchi ukalitia kwenye tenki la upana wa sentimita 60 ni kupoteza wiki zako tatu.

Afu data za kuanzia. Maji kujaa na kupwa huku kwetu ni makubwa, Mombasa au Zanzibar tofauti wakati wa bamvua inazidi mita 3, kwa hiyo kina kimoja hakitoshi, panga angalau viwili vitatu. Data za vituo vya Mombasa na Zanzibar zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Hawaii na unadownload bure. Mawimbi ya bahari kuu unayapata kwenye ERA5, hazina ya data za hali ya hewa na mawimbi ya dunia nzima, nayo bure, halafu unayaleta ufukweni kwa modeli ya kompyuta kama SWAN, na usisahau mwamba wa matumbawe ulioko mbele, maana wimbi la mita 3 nje ya mwamba linaweza kufika ndani likiwa nusu au chini ya hapo, na likafika na maji yamejaa tu, maji yakipwa halifiki kabisa.

Hatua ya 2: chagua skeli

Mawimbi yanaendeshwa na uzito wa maji, kwa hiyo tunafuata sheria ya Froude, yule Mwingereza William Froude aliyejenga tenki lake la majaribio ya meli kule Torquay mwaka 1872. Sheria yenyewe ni rahisi. Ukipunguza urefu mara 20, muda unapungua kwa kipeuo cha pili cha 20 ambacho ni 4.47, na uzito unapungua mara 20 × 20 × 20, yaani 8,000. Basi kwa skeli ya 1:20 wimbi la mita 1.5 linakuwa sentimita 7.5, sekunde 8 zinakuwa 1.79, kina cha mita 3 kinakuwa sentimita 15, dhoruba ya masaa 3 inaisha kwa dakika 40. Jiwe la tani 1 linakuwa gramu 125.

Hapo kwenye gramu 125 ndo watu wengi wanateleza. Baharini maji ni ya chumvi, kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, kwenye tenki umejaza maji ya bomba ya 1,000. Jiwe lile lile kwenye maji yasiyo na chumvi linakuwa zito kidogo zaidi kuliko baharini, yaani linaelea kidogo zaidi kule kwenye chumvi, kwa hiyo ukiweka gramu 125 ukuta wako wa maabara utakuwa na nguvu ambayo ule wa kweli hautakuwa nayo. Ukirekebisha, kwa jiwe la kilo 2,650 kwa mita ya ujazo, unapata kama gramu 111. Gramu 14 zinaonekana kidogo lakini ni asilimia 11 ya jiwe. Usijaribu kukwepa kwa kutia chumvi kwenye tenki, chuma chote kitakula kutu na fundi wa maabara hatokusamehe.

Kuna vitu havikubali kupunguzwa hata ufanyeje. Unato wa maji haupungui, mvutano wa uso wa maji haupungui, hewa iliyomo kwenye wimbi linalovunjika haipungui vile unavyotaka. Ndo maana kuna mipaka ya chini, kina kisiwe chini ya sentimita 2, wimbi lisiwe la sekunde chini ya 0.35, na kwa maji yanayoruka ukuta jitahidi Hs isishuke chini ya sentimita 5. Kwa mawe kuna namba ya Reynolds, inayokuambia kama unato umeanza kukuharibia kazi, chukua g (mvuto wa dunia, 9.81) mara Hs, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa size ya jiwe (ubavu wa mchemraba wenye ujazo sawa na jiwe), gawa kwa unato. Kwa mfano wetu jiwe lina sentimita 3.47 na namba inatoka karibu 30,000, ambayo iko salama. Ungeenda 1:40 ili ubane vitu zaidi ingeshuka mpaka kama 10,000, hapo uko ukingoni na mtu akikuuliza maswali utahangaika kujibu. Mawe ya kiini ndani ya ukuta ni madogo zaidi kwa hiyo maji yanapita humo kwa shida kuliko baharini, unatakiwa uyaweke makubwa kidogo kuliko skeli inavyosema, ziko njia za kukokotoa, usiyapunguze kwa 20 kijumla jumla.

Na nguvu ya zege haishuki na skeli. Hii ilishalipiwa gharama kubwa kule Sines, Ureno, Februari 1978, kivunja mawimbi kilichovikwa dolosi za tani 42, lile umbo la zege lililobuniwa East London, Afrika Kusini, miaka ya 1960, kilibomolewa na dhoruba. Kadolosi ka maabara ni kagumu mno ukilinganisha na uzito wake, unaweza kukarusha sakafuni kakadunda, dolosi ya tani 42 ikitikiswa tu inavunjika katikati. Kwa hiyo ukipima vitu vya zege, hata kile kinachotikisika bila kung'oka kihesabu, ndicho kitakachovunjika. Wenye hela za kukimbia matatizo ya skeli wanajenga matenki makubwa, lile la Deltares pale Delft, Uholanzi, lina mita 300, upana 5, kimo 9.5, linatoa mawimbi ya hadi mita 4.5, pale skeli inakaribia 1:1. Sisi wengine tunaishi na sentimita zetu, na ziko sawa kabisa ukijua mipaka yake.

Hatua ya 3: panga tenki

Mbele ya bamba weka kina cha sentimita 45. Kwa wimbi la sekunde 1.79 kwenye kina hicho urefu kutoka mgongo hadi mgongo unatoka mita 3.4, namba hii iandike ukutani kwa maka pen maana utaitumia kila mahali. Sakafu iende tambarare mita 10, halafu ipande kwa mteremko wa 1:30 kwa mita 9 ili kutoka sentimita 45 ufike 15 kwenye mguu wa ukuta. Mteremko ujenge kwa mbao za marini au zege, ziba pembeni na silikoni, maji yakipita chini ya mteremko utapata mawimbi usiyoyaelewa na utatafuta mchawi siku nzima. Kagua kwa pima maji ya mwashi na rula, sio kwa macho.

Bamba liwe lile linalokwenda mbele na nyuma lote kwa pamoja, hilo ndo la maji mafupi kama yetu, lile lenye bawaba chini ni la maji marefu. Kwa mfano wetu ili upate wimbi la sentimita 7.5 bamba litembee kama sentimita 9, na kwa mawimbi mchanganyiko lile kubwa kuliko yote linakaribia mara mbili ya Hs, kwa hiyo angalia mashine yako inafika sentimita 18 au zaidi bila kugonga mwisho. Kama ina mfumo wa kumeza mawimbi yanayorudi, uwashe. Bila huo mfumo, wimbi linagonga ukuta, linarudi mpaka kwenye bamba, linagonga tena linaenda ukutani, na baada ya dakika kadhaa humjui tena mtoto wa nani.

Hatua ya 4: vipima wimbi, hapa kaa sana

Kipima wimbi cha kawaida ni nyaya mbili nyembamba za chuma kisichoshika kutu zimesimama sambamba ndani ya maji, umeme mdogo unapita kati yake, maji yakipanda umeme unapita zaidi, volti inapanda. Basi. Na kwa sababu kinategemea maji yanavyopitisha umeme, kila kinachobadilisha maji kinabadilisha kipimo chako, na kikubwa ni joto, kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja.

Nikuambie yaliyonikuta. Tulijaza tenki asubuhi kwa maji ya bomba, ya baridi, nikakalibreti vipima saa mbili, kila kitu kimenyooka, nikaenda kazini na majaribio mpaka jioni. Taa kubwa za kamera zilikuwa zimewaka juu ya maji siku nzima, jua linapiga dirishani, na hakuna aliyeweka kipimajoto. Siku ya tatu ndo nikatumbukiza kipimajoto, maji yamepanda karibu nyuzi 3 tangu asubuhi. Maana yake vipima vilikuwa vinasema wimbi ni kubwa kuliko lilivyo, kama asilimia 6, na kwa mara tatu ile ya Hudson jiwe linakosewa asilimia 19. Na ubaya wake uko upande mbaya kabisa, kwa sababu nilikuwa naandika kwamba ukuta umestahimili wimbi la sentimita 8 wakati ulilopigwa nalo ni 7.5, yaani ukuta unaonekana imara kuliko ulivyo, na mtu angejenga kwa mawe madogo mahali ambapo nyuma yake kuna nyumba. Siku tatu nikazifuta zote. Iliniuma lakini hakukuwa na njia nyingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Jaza maji siku moja kabla yalale usiku yashike joto la chumba, yatoe na mapovu. Weka kipimajoto kinachorekodi. Kila asubuhi, na tena baada ya chakula cha mchana, na wakati wowote joto likibadilika nusu nyuzi, kalibreti upya: maji yametulia kabisa, shusha kipima sentimita 6, soma volti, sentimita 3, soma, sifuri, soma, pandisha 3, soma, pandisha 6, soma. Chora mstari. Ukipinda, nyaya zina mafuta, zipanguse kwa kitambaa laini na spiriti afu rudia. Namba za mteremko wa huo mstari ziandike kwenye daftari zikifuatana siku kwa siku, ukiona moja imeruka unajua kuna kitu, hiyo safu ya namba ndo daktari wako.

Weka vitatu pamoja mahali tambarare ili utenganishe wimbi linalokwenda na linalorudi, njia ya Mansard na Funke ya 1980. Umbali wa cha kwanza na cha pili uwe sehemu ya kumi ya ule urefu wa mgongo hadi mgongo, kwetu sentimita 34, cha kwanza na cha tatu mi naweka robo, sentimita 85. Usiweke sehemu moja ya tano, yaani sentimita 68, hesabu inavurugika hapo. Viwe mbali na bamba na mbali na ukuta angalau urefu mmoja wa mgongo hadi mgongo kila upande. Kimoja kingine kiweke pale mguu wa ukuta utakapokuwa. Rekodi sampuli 100 kwa sekunde, 50 pia zinatosha.

Hatua ya 5: piga mawimbi bila ukuta

Hatua hii ndo inayorukwa na ndo ninayoipigania kuliko zote. Kabla hujaweka jiwe hata moja, mwisho wa tenki weka kifyonza wimbi, mteremko mlaini wa kokoto au mafungu ya sponji, halafu piga mawimbi yako yote uliyopanga, kila kina, kila urefu, na upime pale pale mguu wa ukuta utakapokaa. Ukuta ukishakuwepo, kipima cha mguuni kinasoma wimbi linalokuja pamoja na linalorudi vikiwa vimechanganyika, na kwenye mteremko wa sakafu kutenganisha kunakuwa kwa kubahatisha. Wimbi lililopimwa kwenye maji matupu ndilo utakalolitaja kwenye ripoti.

Tumia spektra ya JONSWAP, yaani mgawanyo wa nguvu za mawimbi ya dhoruba kwa kila muda wa wimbi, na gama, ukali wa kilele chake, iwe 3.3 kama huna data za kwako za kukuelekeza vingine. Kukokotoa Hs ni rahisi, chukua rekodi ya uso wa maji, toa wastani, tafuta mchepuko sanifu (standard deviation), zidisha kwa 4. Ukiomba 7.5 kwenye programu ukapata 6.9 mguuni usipanik, mawimbi makubwa yanavunjika njiani kwenye sentimita 15 za maji, ongeza kidogo kidogo mpaka ufike, na ujue kuna mahali ukiongeza haipandi tena, maji mafupi yana kikomo chake. Hicho kikomo nacho ni jibu, kiandike. Hifadhi faili la mwendo wa bamba lenyewe, sio jina la spektra tu, ili kesho mawimbi yaje yale yale kwa mpangilio ule ule.

Angalia na mbembeo. Tenki tupu la mita 25 lenye maji ya sentimita 45 linabembea lote kama beseni ulilobeba kichwani, kwa mzunguko wa kama sekunde 24, na macho hayaoni, ila kipima kinaona. Kati ya jaribio na jaribio subiri dakika 10 au zaidi, angalia mstari kwenye skrini, ukilala kabisa ndo uanze.

Hatua ya 6: jenga ukuta

Hapa kazi ya mikono. Mfano wetu una mteremko wa kama sentimita 60 na upana 60, kwa tabaka mbili za mawe ya juu unahitaji kama mawe 360, kilo 40. Kila jiwe lipimwe kwenye mizani, moja moja. Najua inachosha, tuliwahi kukaa watu watatu na ndoo sita na redio siku mbili, lakini ukichukua mawe kwa macho utayachagua mazuri ya mviringo bila kujua na ya mviringo yanang'oka mapema. Yaoshe mpaka maji yatoke meupe, vumbi likibaki kesho hutaona kitu kwenye kioo. Yapake rangi kwa mistari, nyekundu chini, njano usawa wa maji, bluu juu, nyeupe kwenye kilele, jiwe likihama utajua limetoka wapi.

Kiini kwanza, halafu mawe ya kati ya kama gramu 11, halafu ya juu. Yaweke kama winchi itakavyoyaweka kule ufukweni, unashusha unaachia. Usiyapange kama unajenga ukuta wa mawe wa nyumbani, ukiyabananisha kwa vidole yanashikana na utapata ukuta ambao hakuna kontrakta ataweza kuujenga. Kwenye kioo pembeni mawe yanakaa vibaya siku zote, kwa hiyo uharibifu wa sentimita chache za pembeni usiuhesabu.

Hatua ya 7: jaribio lenyewe

Anza na mawimbi madogo, asilimia 50 hivi ya Hs, dakika chache, ukuta ukae. Piga picha na kupima umbo, hiyo ndo sifuri yako. Halafu panda, asilimia 60, 80, 100, na 120 kwa ajili ya siku mbaya kuliko ulivyofikiria. Kila daraja mawimbi 1,000, ambayo kwa muda wa wastani wa mawimbi yetu, ulio mfupi kidogo kuliko ile 1.79, ni kama dakika 25. Kamera iwe imefungwa kwenye fremu isiyogusana na tenki, isisogee hata milimita, ukibadilisha picha ya kabla na ya baada kwenye laptopu jiwe lililohama linaruka machoni lenyewe.

Na ukae pale uangalie. Usiache mashine ukaenda chai. Simama kwenye kioo, usawa wa macho na maji, angalia wimbi linaporudi chini, maana mawe mengi yanatoka wakati wa kurudi, sio wakati wa kupiga. Utaliona moja kwenye mstari wa njano linainuka kidogo, linakaa, wimbi lijalo linainuka tena, linakaa, linafanya hivyo mara thelathini arobaini, halafu linakuja kundi la mawimbi matatu makubwa na la pili yake linaliacha halina jirani wa chini, linageuka polepole na kuteremka mpaka mguuni. Andika namba ya dakika. Hakuna programu itakayokuambia hilo jiwe lilikuwa linatikisika tangu dakika ya nne.

Mashine ikiwa inawaka mtu asiingie kwenye tenki hata kuokota kalamu, na nyaya za umeme zipite juu, zisiguse sakafu iliyolowa.

Hatua ya 8: maji yanayoruka

Nyuma ya kilele weka mfereji mdogo wa upana unaoujua, sentimita 30 tuseme, umwage kwenye ndoo iliyo juu ya mizani. Ukikusanya lita 20 kwa sekunde 1,500, gawa kwa muda, gawa kwa 0.3, unapata lita 0.044 kwa sekunde kwa kila mita. Kupeleka kwenye ukuta wa kweli unazidisha kwa 20 mara kipeuo chake cha pili, yaani 89.4, inatoka karibu lita 4 kwa sekunde kwa mita. Ukichota ndoo ukayarudisha maji, yarudishe upande wa bamba taratibu, maana usipoyarudisha kina kinashuka kila dakika na jaribio la mwisho halifanani na la kwanza. Wastani peke yake haujatosha, mtu anaangushwa na wimbi moja kubwa, kwa hiyo mizani irekodi muda wote ili uone kila mruko ulibeba kiasi gani.

Hatua ya 9: soma uharibifu

Pima umbo la ukuta kabla na baada, kwa leza au kwa picha nyingi za simu zilizounganishwa na programu, kwenye mistari angalau tisa kumi ya upana, chukua wastani. Eneo lililolika ligawe kwa size ya jiwe mara size ya jiwe, unapata Sd, ndo namba ya uharibifu. Kwa mteremko wa 1:2, Sd ya 2 ni mwanzo wa uharibifu na 8 ni kubomoka, mawe ya kati yanaonekana. Kwa jiwe letu la sentimita 3.47, Sd ya 2 ni sentimita 24 za mraba, ambayo kwa upana wote ni kama mawe 20 yaliyohama. Hesabu na zile rangi pia, namba mbili zikipishana sana rudi kwenye picha.

Ukimaliza toa maji polepole, bomba robo tu. Ukifungua lote, maji yaliyomo ndani ya ukuta yanatoka kwa nguvu na kuvuta mawe ya kati, na umbo ulilotaka kupima linabadilika mbele ya macho yako. Hifadhi volti ghafi pamoja na karatasi ya kalibresheni ya siku hiyo kwenye folda moja, ukihifadhi sentimita peke yake hutaweza kurekebisha kitu ukigundua kosa mwezi ujao.

Halafu bomoa, panga mawe kwa rangi, jenga tena, na urudie jaribio la asilimia 100 kwa mawimbi yale yale, na mara moja zaidi kwa mpangilio mwingine wa mawimbi wenye spektra ile ile. Mawe yakiwekwa upya hayakai kama yalivyokaa mwanzo. Kama la kwanza lilitoa Sd ya 1.8 na la pili likatoa 2.6, andika zote mbili kwenye jedwali, na joto la maji la siku hiyo kwenye safu ya pembeni.